Kitenganishi cha Mtandao na Muziki wa Nyumbani: Kinakata Nini Hasa?

Hotuba kwa mafundi wa mitandao na wapenzi wa muziki, Mombasa

Ndugu zangu mafundi, wafanyabiashara wa vifaa vya sauti, na ninyi mliokuja kwa mapenzi ya muziki tu, hamjambo. Nashukuru kwa kualikwa. Mwenyekiti ameniomba nisile muda wa wenzangu, kwa hiyo jibu nalitanguliza, maelezo yatafuata.

Swali nililopewa ni hili: kile kisanduku kidogo kinachochomekwa kwenye waya wa mtandao, kati ya ruta na mashine ya kuchezea muziki, kinaboresha sauti? Wauzaji wana majina yao: kitenganishi, aisoleta, kisafishaji. Jibu langu ni kwamba muziki wenyewe hakiugusi. Kinachoweza kukata ni umeme mwingine unaosafiri kwa waya uleule, na nyumba ambazo umeme huo unafika hadi kwenye spika ni chache. Mwenye nyumba ya namna hiyo hahitaji kuambiwa na mtu. Mvumo anausikia hata wimbo ukiwa umesimamishwa.

Tuanze na asili ya kifaa, maana asili yake inaeleza mengi. Hakikubuniwa kwa ajili ya muziki, kilibuniwa kwa ajili ya hospitali. Mgonjwa mahututi amelala, amebandikwa nyaya za kupima mapigo ya moyo, na pengine mrija wenye waya umeingizwa mshipani hadi moyoni kwenyewe. Mashine inayomwangalia imeunganishwa kwa kebo ya mtandao na kompyuta ya manesi upande wa pili wa ukuta. Kompyuta ile ina adapta yake, ina printa yake, na kila adapta ya kisasa huvujisha umeme kidogo. Kiwango cha kimataifa cha vifaa vya tiba, IEC 60601-1, kinaruhusu mikroampea 10 tu zipite kwa mgonjwa ambaye kifaa kimegusa moyo wake, mashine ikiwa nzima. Kiwango cha vifaa vya ofisini kiliruhusu adapta ya pini mbili ivujishe hadi mikroampea 250. Hiyo ni mara 25. Basi hapo kwenye waya ndipo kampuni za Ujerumani kama Baaske na EMO zilipoweka kisanduku chenye transfoma ndogondogo ndani, kinachostahimili volti 4,000, ili uvujaji wa chumba cha manesi usimfikie mgonjwa.

Wapenzi wa sauti wa Ulaya wakaviona visanduku hivyo, wakavipeleka nyumbani, wakavisifu. Kampuni za vifaa vya sauti nazo hazikulala. Zikatoa vya kwao, vya alumini iliyochongwa vizuri, na bei ikaanza kupanda ngazi. Leo kuna kisanduku cha bei ya viatu, na kuna swichi ya mtandao "ya muziki" inayouzwa bei ya pikipiki mpya.

Na kisanduku cha hospitali sina ugomvi nacho. Kinafanya kazi kilichobuniwa kuifanya. Ugomvi wangu ni na tangazo, pale linapodai kwamba umeme huo ukishakatwa, besi itakaza, qanuni itang'aa, na mwimbaji atasogea mbele ya spika.

Muziki unaopita kwenye waya ule ni namba. CD ina sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16 kila sampuli, njia mbili, kushoto na kulia. Zidisha, utapata biti 1,411,200 kwa sekunde. Hata faili kubwa kabisa ambazo wengi wenu mnazitafuta, za biti 24 na sampuli 192,000, hazifiki biti milioni 10 kwa sekunde. Kebo ya kawaida ya gigabiti inabeba milioni 1,000. Na namba hizo haziachwi hivihivi njiani. Kila fremu, yaani kifungu cha data, inayotumwa ina hesabu ya ukaguzi ya biti 32 mkiani mwake. Ikifika na biti moja iliyogeuka, hesabu hailingani, fremu inatupwa, na itifaki ya TCP, yaani kanuni inayosimamia usafirishaji wa data, inadai itumwe tena. Huduma karibu zote za kutiririsha muziki zinatumia njia hiyo. Matokeo yake ni kwamba data imefika kamili au haikufika. Hakuna hali ya katikati ambapo data imefika lakini besi imelegea. Mtandao ukiwa mbovu kweli, muziki unakatika, na hilo mnalijua vizuri saa mbili usiku mtaa mzima ukiwa kwenye video.

Muuzaji mjanja hataishia hapo. Atakubali kwamba namba ziko sawa, kisha atauliza kuhusu muda. Zikifika kwa kuyumbayumba je? Hilo ni swali la mtu anayejua kidogo, na linastahili jibu. Nyumba zetu nyingi hapa zina tangi juu ya paa. Maji ya mfereji yanakuja kwa mikupuo, usiku yapo, mchana hayapo, lakini anayeoga chini anapata maji ya mwendo mmoja kwa sababu yanatoka kwenye tangi. Mashine ya muziki ina tangi lake, mafundi tunaliita bafa. Pakiti za data zinaingia kwa fujo, zinakaa humo, na chipu ya kugeuza namba kuwa sauti, yaani DAC, inachota kwa mwendo wa kristali, yaani saa yake yenyewe iliyo jirani nayo kabisa. Saa ya ruta haina la kumwambia kristali yule.

Na hili mtu analithibitisha mwenyewe bila kifaa chochote. Cheza wimbo, subiri bafa ijae, kisha chomoa waya wa mtandao. Muziki unaendelea. Kuna mashine zinazoendelea kwa sekunde kadhaa na kuna zinazomaliza wimbo mzima. Katika muda huo hakuna kitenganishi bora kuliko ulichonacho, maana kati ya mashine na ruta kuna hewa tupu. Hakuna kisanduku cha bei yoyote kitakachotenganisha zaidi ya hapo. Ikiwa sauti haikubadilika ulipochomoa, na haikubadilika uliporudisha, waya ule haukuwa ukiichafua. Mimi nashangaa kwamba jaribio hili, ambalo halina gharama, halipo kwenye karatasi ya maelezo ya kisanduku hata kimoja nilichowahi kukishika.

Sasa nije kwenye hoja nzito, maana ipo, na asiyeitaja anawadanganya wanunuzi kwa upande wa pili. Waya wa mtandao ni shaba, na shaba inapitisha umeme wowote unaoletwa.

Turudi kwenye adapta ya pini mbili. Haina ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini. Ndani yake kuna kapasita ndogo inayounganisha upande wa umeme wa ukutani na upande wa kifaa, imewekwa makusudi ili kupunguza kelele za redio. Kupitia hapo kiasi kidogo cha umeme kinateleza. Ndiyo maana ukipitisha mgongo wa kidole juu ya kompyuta ya ganda la chuma ikiwa inachajiwa, ngozi inakuwa kama inatetemeka. Umeme huo unatafuta njia ya kurudi ardhini, na hauna adabu ya kuchagua njia.

Tuseme una ruta yenye adapta ya namna hiyo, na amplifaya ya pini tatu yenye ethi nzima. Kati yao kuna kebo ya mtandao yenye foili na plagi za chuma, kuna mashine ya kutiririsha muziki, kisha nyaya za RCA, zile za plagi nyekundu na nyeupe. Umeme unatoka kwenye ruta, unapita kwenye foili, unaingia kwenye bodi la mashine, unatokea kwenye ganda la waya wa RCA, unafika kwenye amplifaya na kushuka ardhini. Waya wa RCA umezaliwa na kasoro: ganda lake la nje ndilo njia ya kurudi ya muziki pia. Kinachopita hapo, kiwe nini, kinajumlishwa kwenye muziki.

Kinajumlishwa kiasi gani? Tupige hesabu, kalamu mnazo. Mikroampea 250, zikipita kwenye ganda lenye ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya om, zinazaa mikrovolti 25. DAC ya nyumbani kwa kawaida inatoa volti 2. Gawanya, ni mara 80,000, sawa na desibeli 98. Yaani mvumo uko chini ya muziki kwa desibeli 98, na hapo ndipo ilipo sakafu ya kelele ya CD yenyewe, ya biti 16. Husikii. Paka wako hasikii. Na 250 ndicho kiwango cha juu kabisa, adapta nyingi nzuri hazikifikii.

Mambo yanabadilika ukiwa na vifaa viwili, vyote vya pini tatu, vimechomekwa vyumba tofauti. Kompyuta ya mezani chumba cha watoto, amplifaya sebuleni, na kebo ya foili imeviunganisha. Ethi za soketi mbili mara nyingi hazilingani, na tofauti hiyo inasukuma umeme mkubwa zaidi. Fanya ampea zile ziwe miliampea 10. Mvumo sasa ni milivolti nzima, desibeli 66 tu chini ya muziki, na ukikaa usiku bila wimbo utausikia: mmmm, ya hezi 50 na ndugu zake 100 na 150. Huu ndio mzunguko wa ethi. Nyumba hii kitenganishi kinaisaidia, na wala si mawazo ya mwenye nyumba.

Hapa nisimame kidogo niseme neno na mafundi, kwa sababu nyumba za huku zina mambo yake. Tunazijua soketi ambazo tundu la ethi lipo lakini nyuma yake hakuna waya. Tunawajua watu wanaosukuma kalamu kwenye tundu la ethi ili plagi ya pini mbili iingie. Na tunamjua fundi ambaye, akiitwa kuondoa mvumo, anachukua koleo na kukata pini ya ethi ya amplifaya. Mvumo unaondoka kweli, mteja anafurahi, na sasa ganda la amplifaya halina pa kupeleka volti 240 siku ambayo waya utagusa chuma. Ikiwa uchaguzi ni kati ya koleo lile na kisanduku cha hospitali, nunua kisanduku leo hii.

Lakini mara nyingi hata kisanduku hakihitajiki. Matundu ya mtandao ya kila ruta, swichi na kompyuta yana transfoma ndani yake tayari. Ni sharti la kiwango cha mtandao wa waya, IEEE 802.3, tangu kebo za jozi zilizosokotwa za mwaka 1990: tundu listahimili volti 1,500 kwa dakika nzima bila kuvujisha. Kwa hiyo kwenye nyuzi nane za shaba zenyewe, umeme wa hezi 50 unapita kwa shida sana. Daraja lililobaki ni lile la foili na plagi za chuma. Liondoe. Tumia kebo ya Cat 6 isiyo na foili, ya plagi za plastiki, ile tunayoifunga kila siku maofisini. Mvumo wa njia ya mtandao umekatika kwa bei ya waya.

Sasa angalia kinachotokea sokoni. Mtu anaambiwa kebo ya Cat 8 yenye ngao mara mbili za chuma ni bora kwa muziki, ananunua, na hapo amejenga daraja ambalo halikuwepo. Mvumo unakuja. Anauziwa kitenganishi cha kulikata daraja lile. Kisha anasimulia kwa wenzake jinsi kitenganishi kilivyobadilisha maisha, na anasema kweli tupu.

Tusisahau kelele za masafa ya juu, za redio, zinazozalishwa na adapta za bei rahisi. Hizo zinaruka kwenye transfoma, kwa sababu nyuzi za pande mbili zimelala karibukaribu, na kapasita za tundu nazo zinazipa njia. Kisanduku cha transfoma kina udhaifu uleule wa tundu, umeongeza tu kizuizi cha pili cha aina ileile. Anayetaka kuukata kabisa uhusiano wa shaba atumie nyuzi za kioo, faiba, akiweka vibadilishi viwili vidogo vya kugeuza umeme kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme, au atumie Wi-Fi, ambayo haina waya wa kupitisha chochote. Ila kibadilishi cha pili cha faiba kinakaa jirani na mashine ya muziki na kinakuja na adapta yake ya pini mbili. Umekata waya mmoja na kuleta chanzo kipya cha kelele hatua mbili kutoka kwenye DAC. Sikatazi. Nasema ukifanya hivyo weka adapta ya heshima.

Wapo waliopima. Amir Majidimehr, anayeendesha tovuti ya Audio Science Review huko Marekani, amechukua swichi na visafishaji vya namna hii na kupima kwa mashine ya Audio Precision kile kinachotoka kwenye DAC. Hakuona mabadiliko ya maana. Wanaompinga wanasema sikio linasikia kisichopimika. Sawa, basi tulipe sikio kazi yake, macho yakiwa yamefumbwa.

Utaratibu ni mwepisi, unahitaji msaidizi mwaminifu na sarafu. Chagua kipande kitulivu, mimi napenda taksim ya udi, yaani udi ukipigwa peke yake, kwa sababu kati ya noti na noti kuna ukimya wa kutosha kusikia takataka. Msaidizi anarusha sarafu mahali usipomwona: kichwa, anaweka kitenganishi, mkia, anakitoa. Asiseme neno, asikohoe, na aguse waya kila raundi hata kama habadilishi kitu. Wewe unaandika unachodhani. Fanyeni raundi 16. Ukipatia 12 au zaidi, nafasi ya kuwa umebahatisha ni chini ya 4 kwa 100, na nitakuwa wa kwanza kukuuliza nyumba yako ina nini. Ukipatia 8 au 9, ni sarafu ndiyo iliyokuwa ikisikiliza. Anayesikia tofauti akiwa anaona hasemi uongo. Macho, bei aliyolipa na maneno ya muuzaji vyote vinaingia kwenye kusikia, mimi vikinipata na wewe vikikupata.

Yapo mawili ya kazi kabla ya maswali. Kwanza, visanduku hivi vingi havipitishi PoE, yaani umeme wa kuwasha vifaa unaotumwa kwa waya uleule wa mtandao, kwa sababu umeme wa DC haupiti kwenye transfoma. Kuna mteja atakiweka kwenye laini ya kamera au ya Wi-Fi ya dari, vitazima, na wewe ndiye utakayepigiwa simu. Pili, radi. Eneo la maziwa makuu ni la radi haswa: utafiti wa satelaiti uliotangazwa mwaka 2016 uliiweka Kabare, mashariki mwa Kongo, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Kitenganishi cha volti 4,000 si kinga ya radi. Ukiwa na waya wa shaba unaotoka nyumba kubwa kwenda banda la nje ambako mzee ameweka spika zake, ng'oa shaba, tandika faiba. Hapo kutenganisha kuna faida isiyohitaji sikio la mtu.

Kuna bwana pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja Cat 8. Karibu. (Aliuliza: ameshanunua kitenganishi, cha bei kubwa, na kwake hakuna mvumo, akitupe?)

Hapana, kaka, usikitupe. Hakikudhuru chochote, mradi laini yako bado inafanya kazi. Baadhi ya visanduku hivi vinashusha kasi hadi megabiti 100, na kwa muziki hiyo inatosha mara kumi. Kama una amplifaya ya pini tatu na kebo ya foili, kiache palepale. Kama kebo yako ni ya plastiki, kiuze kwa mwenye mvumo. Na fedha ya kinachofuata, kabla hujanunua kitu kingine cha mtandao, iweke kwenye chumba: zulia zito, pazia nene, spika zisogezwe mbali na ukuta kidogo. Chumba cha sakafu ya vigae na kuta tupu kinapotosha sauti kwa kiasi ambacho hata mama mkwe asiyependa muziki atakisikia.

Na dada aliyeuliza kama amplifaya yenye nyaya za XLR, zile kama za maikrofoni, inaepuka haya: kwa sehemu kubwa ndiyo. Kwenye XLR ganda halibebi muziki, na pembejeo inasoma tofauti kati ya nyuzi mbili za ndani, kwa hiyo umeme unaopita kwenye ganda hauna urahisi wa kuingia. Kama mashine zako zote mbili zina matundu hayo na mvumo unakusumbua, anza hapo.

Nimemaliza kusema. Kwenye meza hii kuna ruta ya pini mbili, DAC, amplifaya, kebo ya foili, kebo isiyo na foili, na kitenganishi kimoja cha hospitali. Spika zimewashwa. Natafuta mtu wa kukaa pale kitini akiwa amefungwa kitambaa machoni, na mwingine mwenye sarafu. Ninyi wengine mtaandika majibu yenu kimyakimya, na msinong'onezane.